Nilijipulizia pafyumu ili Aimée anipende, nikakaribia kumkosa kabisa

Wakuu, habari za mchana.

Leo nimepata mapumziko nimeona niwaletee hii. Ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, maana mhusika mkuu anajua kusoma.

Mimi ni mzaliwa wa Tunduma, fundi wa kuchomelea vyuma. Nipo Likasi, Kongo, mwaka wa nne sasa, kwenye gereji moja inayotengeneza malori ya mizigo. Nimepanga chumba huku Kikula. Kama hujawahi kufika, Kikula ni soko, halafu nyumba, halafu soko tena.

Kazi yenyewe mnaijua. Moshi, grisi, dizeli, jasho. Unaoga, unasugua, ukivaa shati safi bado dizeli inakusalimia.

Sasa siku moja ovaroli ikanichanikia kwenye goti. Nikaelekezwa kwa fundi cherehani mmoja jirani na parokia, ndiye huyo Aimée. Miaka thelathini na moja, hajaolewa, anashona sare za shule na za kwaya. Anaishi na baba yake, mzee mstaafu wa kiwandani. Mama yake alishafariki.

Nilienda moja kwa moja kutoka kazini, sijanawa hata uso.

Nikasalimia kwa heshima zote, "Shikamoo mama, naomba unisaidie hii nguo."

Akasimamisha cherehani, akanitazama.

"Minye siko mama yako," akasema. "Halafu weye njo Mutanzania? Unasemaka Kiswahili kama muntu wa mu radio!"

Nikacheka. Akacheka. Ovaroli ya dakika kumi ikachukua saa nzima. Aliniuliza Tunduma kuna nini, kwetu tunakula nini, na kwa nini Watanzania tunaomba samahani kila dakika. Nikaondoka pale natabasamu peke yangu barabarani kama chizi.

Nitakiri kitu hapa, msinicheke. Baada ya siku ile nilianza kung'oa vifungo vya mashati yangu mwenyewe ili nipate sababu ya kurudi. Shati la nne akaniuliza, "Fundi, kwenu banafulaka nguo na meno?" Yaani tunafulia meno. Nikasema maji ya Likasi ni makali.

Mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Tatizo nikaenda kuomba ushauri.

Gerejini nina mwenzangu anaitwa Dido. Fundi mzuri sana wa breki, ila kwenye mapenzi anajiona profesa. Nikamwambia, Dido, nimempenda mtu. Akanivuta karibu, akaninusa shingoni kama anakagua nyama buchani, akatikisa kichwa.

"Unanuka camion," akasema. "Muntu anatafuta bibi hawezi kunuka camion."

(Camion ni lori. Bibi huku ni mke, wakuu, msije mkadhani nilikuwa natafuta nyanya.)

Confidence yote ikaisha hapo hapo. Nikaanza kukumbuka kila mara niliyokaa mbele ya Aimée na ile harufu, aibu ikanijaa.

Jumamosi nikaenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza pafyumu. Akanipulizia moja mkono huu, nyingine mkono ule, nyingine kwenye kiwiko. Mpaka ya sita pua ilikuwa imeshakufa ganzi, nanusa vidole vyangu naona vyote sawa. Nikamwambia nipe kali kuliko zote. Akatoa chupa ya rangi ya dhahabu, akaniapia ile hata ukifua shati haitoki.

Hakunidanganya.

Jumatatu nikaenda kwa Aimée nimechomekea, nimenyoa, nanukia mpaka mbwa wa jirani akapiga chafya. Nikaingia nikitegemea kusifiwa.

Aimée akainua uso akitabasamu, halafu tabasamu likakatika. Hivi hivi, naliona. Akaenda kufungua dirisha. Akasema ana sare nyingi za kumaliza, niache shati nitalifuata.

Nikajiambia labda nimeweka kidogo.

Wakuu, akili ya mwanaume aliyependa ni kitu cha ajabu. Safari iliyofuata niliweka mara mbili. Shingoni, kwapani, mpaka kwenye soksi. Sijui nilidhani ataninusa soksi saa ngapi.

Safari hii hakunisalimia hata. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa huko muda mrefu, akarudi macho mekundu. Nikauliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni moshi wa mkaa wa pasi. Pasi yenyewe ilikuwa imepoa, haina mkaa.

Baada ya hapo akaacha kukutana na mimi. Nikienda, mama wa duka la pembeni ananikabidhi shati limekunjwa vizuri, "Aimée haiko." Huku cherehani naisikia ndani inakwenda.

Nilimaliza hesabu kichwani. Ana mwanaume, au amegundua mimi ni wa kupita tu. Na mimi, nisiwafiche, niliumia. Sikuwa nimempenda mtu hivyo tangu niko kwetu.

Ikatokea bosi anatafuta mtu wa kuhamia gereji yetu ya Kolwezi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Dido akaniuliza kama nimerogwa.

Siku mbili kabla ya kuondoka nikapita kuchukua shati langu la mwisho. Ilikuwa mchana, natoka chini ya lori, nimechafuka kuliko siku ile ya kwanza. Pafyumu sikugusa, nijipulizie kwa ajili ya nani sasa?

Yule mama wa pembeni hakuwepo. Nikasimama mlangoni kwa Aimée, nikamwambia nimefuata shati, na kwamba naenda Kolwezi kikazi, kwa hiyo asante kwa yote.

Akanusa hewa, taratibu.

"Leo haukuweka ile parfum?"

"Sikuweka."

"Ikala," akasema. Kaa.

Nikakaa. Akaweka mkasi chini, akaniambia bila kuniangalia.

"Wakati mama alikufa, batante bangu balimumwangia ile parfum. Ile ile. Chupa muzima, mbele ya kufunga sanduku. Na minye nilimwangia. Weye ukiingia hapa nayo, minye naona mama."

Yaani shangazi zake walimmwagia marehemu kabla ya kufunga jeneza, wakuu. Mtu mzima nimekaa kwenye kigoda natamani sakafu ifunguke. Wiki tatu nzima nilikuwa namletea msiba wa mama yake mlangoni, nimechomekea na shati jeupe.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikwambie aje? Muntu anajipamba juu yako, unamwambia ananuka lufu?"

Lufu ni kifo. Nilimwomba samahani, nikarudia, nikarudia tena, mpaka akasema, "Aya, Mutanzania, inatosha." Akacheka kidogo huku anafuta macho.

Nikapata ujasiri. Nikamweleza kila kitu, Dido, camion, sokoni, mpaka soksi. Alivyosikia soksi aliinama juu ya cherehani, mabega yanatikisika. Akasema, "Baba yangu alitoka kazi na ile arufu yako miaka yote. Minye nilikomalia mu ile arufu. Nani alikwambia ni mubaya?"

Halafu akanigeukia, "Na minye, nanukaka nini?"

Nikajibu kwa moyo wangu wote, "Mkaa wa pasi, chaki, na kitambaa kipya. Nikipita dukani kwa vitambaa nakukumbuka."

Uso ukabadilika. "Chaki?! Na lotion yangu? Niliagiza Lubumbashi juu yako! Haukunusa ata siku moya?"

Wallahi sikuwahi kuinusa. Pua yangu imeungua na moshi wa kuchomelea miaka kumi na mbili. Alinuna mpaka nilipoaga.

Kolwezi nilienda, maana nilishatoa neno langu. Nilikaa miezi mitatu, kila Jumamosi nipo barabarani kurudi Likasi kwa Aimée. Kisha nikaomba kurudishwa, bosi akanitukana, akakubali. Nikajitambulisha kwa mzee, tukafuata taratibu zote, ndoa ikafungwa parokiani mwaka jana. Dido alikuwa msimamizi wangu, na alijipulizia kitu sikijui, padri alikohoa mara mbili.

Nilichojifunza. Sisi wanaume tunadhani harufu ni kama rangi ya gari, ukipaka ya bei mbaya basi umependeza. Kumbe pua ya mwenzako ina mambo yake ya zamani, ina watu wake ndani, na wewe huwajui. Usibuni. Muulize. Mimi ningeuliza swali moja tu, "unaionaje hii?", ningejiokolea wiki tatu na Kolwezi nzima. Na yeye angesema mapema, asingelia peke yake kule nyuma.

Wataalamu wa homoni mtakuja na maelezo yenu, karibuni, mimi natoa experience.

Sasa kilichonileta hasa.

Aimée ana ujauzito wa miezi miwili na nusu. Tangu wiki iliyopita hataki kusikia harufu ya dizeli. Hiyo hiyo aliyokulia. Nikifungua geti anapiga kelele kutoka ndani, "Simama pale pale!" Navulia nguo uani, naoga uani, na bado nimehamishiwa kwenye kochi. Jana kaninusa kwa mbali, akasema sabuni nayo hapana.

Nesi anasema itapita. Wakuu mliopitia hii, kwenu ilipita mwezi wa ngapi? Naomba majibu ya kweli, hili kochi ni fupi.