Waleti ya Mkono wa Kimono

Mwalimu wa kilimo cha mpunga alikuja kwenye kibaraza ninachoshonea, mtaani kwetu Soweto, akiwa na bahasha ya kaki. Alikuwa dada wa Kijapani wa umri wangu, aliyefanya kazi miaka miwili na wakulima wa Mabogini. Nilikuwa nimeshamshonea magauni mawili ya vitenge. Siku hiyo alitoa kwenye bahasha kipande cha hariri ya bluu iliyokolea, chenye mawimbi meupe yaliyopangana kama magamba ya samaki.

“Ni mkono wa kimono cha bibi yangu, vazi letu la Kijapani,” alisema. “Amefariki, na mazishi sikuyawahi. Naomba unishonee waleti, dada. Iwe nyembamba, ikae mfukoni bila kuvimba. Narudi kwetu mwisho wa mwezi.”

Nilikubali kabla sijakigusa. Hariri nilikuwa sijawahi kuishona.

Nilikata nusu, nikaiweka chini ya sindano ileile ya vitenge. Haikufika hata shibiri moja. Cherehani iliimeza pembe moja, na nilipoivuta, nyuzi zikachomoka na mawimbi yakapinda. Fundi mzee aliyenifundisha kazi, ambaye tunashiriki naye kibaraza, aliinua miwani akatazama.

“Mrudishie kilichobaki, binti yangu,” alisema. “Hiyo si kazi yetu.”

Nilimheshimu sana mzee yule, lakini neno hilo lilinikaa vibaya. Kesho yake nilishuka Mabogini. Nilimkuta mwalimu kwenye mfereji, viatu vya mvua vimejaa tope, nikamwonyesha kilichoharibika. Alifuta tope mkononi, akakipokea, akayafuata kwa kidole mawimbi yaliyopinda. Ningefurahi kama angenigombeza.

“Kilichobaki kinatosha?” aliuliza mwishowe.

“Kinatosha waleti moja tu.”

“Basi shona.”

“Sikati tena mpaka nijifunze,” nilimwambia.

Jumamosi nilipanda Kibosho. Huko kulikuwa na sista mzee aliyeshona mavazi ya misa, na mavazi hayo nilijua mengine ni ya hariri. Nilipita kwenye migomba mpaka getini kwa masista, nikamkuta barazani.

“Tumsifu Yesu Kristo,” nilimsalimu.

“Milele na milele, amina. Umeleta nini?”

Nilimpa kile kipande kilichoharibika. Alikigeuza, akacheka kidogo puani. “Ulikivuta.”

“Nilikivuta, Sista.”

“Hariri haivutwi. Unaipiga bandi kwanza kwa mkono, mishono mirefu ya kuishikilia tu, unaweka karatasi chini, sindano nyembamba kuliko zote ulizonazo. Halafu unaiacha itembee yenyewe.”

Hakunionyesha mara moja akaniacha. Alinikalisha nikashona vipande vya bitana mpaka jua likapinduka, na kila mshono uliokunjamana aliufumua mbele yangu. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine tena. Ile ya tatu alitazama kazi yangu, akanirudishia bila kufumua.

Ndipo nikakata kile kilichobaki. Nilihakikisha mawimbi yanatazama juu pande zote mbili, kwa sababu mteja wa vitenge anaweza kusamehe ndege aliyepinduka, lakini hii ilikuwa nguo ya marehemu. Niliweka bitana nyepesi na mifuko miwili tu. Ilipokunjwa haikuzidi unene wa daftari la shule.

Mwalimu alikuja akiwa na mizigo yake, gari likimsubiri barabarani. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye pindo, na macho yakamjaa machozi. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine: kwenye kona, mishono mitatu iliyokwenda upande.

“Nipe nirekebishe,” nilisema.

“Hapana, dada, ni nzuri hivihivi.”

“Najua ni nzuri. Kaa kidogo.”

Alikaa kwenye benchi. Fundi mzee alimmiminia chai, na dereva akapiga honi mara mbili. Nilifumua ile mishono mitatu, nikairudia polepole kwa mkono, nikakata uzi, ndipo nikampa waleti yake.