Madoa ya Kooni

Fisi maji wa ziwani kwetu ana madoa meupe kooni, na sijawahi kuona wawili ambao madoa yao yamefanana. Nililigundua hilo kwa kulala kifudifudi juu ya mawe upande wa Kigongo kila Jumapili baada ya ibada, kamera nimeifunika kwa khanga. Jike mmoja nilimjua kuliko baadhi ya majirani zangu wa Mkuyuni. Alikuwa na madoa matatu yaliyokaa kama mafiga, na watoto wawili chini ya jiwe lililopasuka.

Kila ninayempiga picha, awe ndege au kereng'ende, huwa namwonyesha mjomba wangu, mvuvi wa hukohuko Kigongo, ili anipe jina lake la Kisukuma. Jina la kitabuni peke yake halinitoshi. Naona kama nimemwandikisha mtoto shule bila jina la nyumbani. Basi nikampa simu aitazame picha ya yule jike, niliyempa jina la Mafiga. Aliitazama muda mrefu, nami nikadhani anamtazama mnyama.

"Hilo jiwe nalijua," alisema. "Kumbe ndiko anakolala huyu anayenichania nyavu."

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Safari hii kichwa hakikuwa changu.

"Mjomba, ana watoto."

"Na mimi sina?"

Hata mimi nimekuzwa na samaki wa nyavu hizohizo.

Kesho yake asubuhi sikufungua duka. Nilipanda bodaboda, na njia nzima nilimgombeza dereva kwamba anatambaa, ilhali mwenye kosa alikuwa amekaa nyuma yake. Nilipofika, mjomba alikuwa ukingoni ananawa mikono. Pembeni yake fisi maji amelala, waya wa mtego ungali mguuni.

"Shikamoo," nilisema, maana hata ukiwa na hasira mjomba ni mjomba.

"Marahaba, mama. Umewahi."

Nilipiga magoti. Koo lilikuwa limejaa tope na damu, halionyeshi kitu. Nikalowesha pindo la khanga nikaanza kufuta. Doa la kwanza likatokea. La pili likatokea. Nikasita, kisha nikafuta tena. La tatu lilikuwa refu, limevutika mpaka karibu na sikio, na chini yake lipo la nne. Nikatoa simu, nikaiweka picha sambamba na lile koo.

"Si yeye!" nilipiga kelele. "Mjomba, si yeye!" Nikacheka. Nilicheka kweli, machozi yananitoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti mbele ya mnyama aliyekufa.

Mjomba hakucheka. Aliinama, akamgeuza, akapapasa tumbo. Chuchu zilikuwa zimejaa. Akaminya moja kwa kidole gumba, kama anavyofanya kwa ng'ombe wake, maziwa yakatoka.

"Huyu naye ananyonyesha," alisema polepole. "Wa kwake wako wapi?"

Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Jumapili zote zile nimelala juu ya mawe yale, jicho langu kwa mmoja tu. Huyu sikuwa nimewahi kumwona hata mara moja.

Tulitafuta wote wawili mpaka jua likawa utosini. Mjomba aliinama kwenye kila ufa, akiweka sikio na kunyamaza. Mara mbili tulisikia kilio chembamba tukakimbia, na mara zote mbili walikuwa ndege. Tulipofika kwenye jiwe lililopasuka, kichwa kiliibuka majini, koo likageukia kwangu, na mafiga yangu yakaonekana wazi. Kamera ilikuwa shingoni. Sikuigusa.

"Ndiye wako huyo?" mjomba aliuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Afadhali wako yupo," alisema, akainama kwenye ufa mwingine kusikiliza.