Mashine Iliyomjua Kisilu

Mwaka wa 2006 vidole vya Ndulu vilianza kufa ganzi kabla ukurasa haujaisha. Miaka kumi na minne alikuwa amekaa chumbani kwake Kitengela akiwachapia mawakili wa Kajiado ushahidi wa kesi za mashamba. Sasa wakili Gakuru akampa hadi mwisho wa mwezi: atafute kompyuta inayoandika mtu akiongea, la sivyo kazi iende kwingine.

Akajaribu programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kununuliwa, yenye boksi la kujivunia. Ukiisomea Kiingereza nusu saa, imekuzoea. Kwa Kiswahili ilikuwa kiziwi kabisa, wala haikufundishika.

Ya pili, ya bure, aliwekewa na Nick wa saiba, duka la intaneti. Hiyo haikujua lolote. Ilitaka kufundishwa kwa saa nyingi za sauti, pamoja na kila neno likiwa limechapwa. Ndulu alikuwa na sauti za namna hiyo. Mumewe, Kisilu, alilima vitunguu kule Illasit, mpakani, na badala ya barua alituma kanda za sauti yake kupitia madereva wa malori, mpaka lori moja likamleta yeye mwenyewe, maiti. Baada ya matanga Ndulu alizichapa kanda zote, kwa upweke tu.

Akailisha mashine sauti ya marehemu, na hapo ndipo alipokosea. Ikamjua Kisilu peke yake. Upepo ukigonga mabati, iliandika: ndulu umekula. Mlango ukilia, iliandika: vitunguu viko sawa. Ndulu akaanza kuijibu. Akawa anaacha maikrofoni wazi akipika.

Jirani yake Rebecca, Mmaasai, alileta maziwa, akasoma kioo cha kompyuta, akarudi nyuma.

"Ndulu, kwetu mtu akienda hata jina hatumwiti tena. Na wewe unamwongelesha?"

"Ananijibu."

"Hiyo ndio mbaya."

Zilibaki siku nne mwezi uishe. Diski, Nick alisema, ina nafasi ya sauti moja: afute ya mume, aifundishe yake. Kanda zingebaki, lakini kanda hazijibu.

Ndulu akasogelea maikrofoni. "Kisilu, nataka kukutoa. Niruhusu nifanye kazi."

Alijua mashine haina maneno mengine ila ya marehemu, kwamba inaokoteza tu. Ikaokoteza: sawa mama, wewe endelea, usiningoje.

Aliyasoma mara tatu, akilia, kisha akabonyeza kufuta.