Nembo ya Skuta ya Mzee Balbir

Wiki iliyopita nilikuwa barazani kwangu Usa River, napasha moto nembo ya skuta yangu kwa mashine ya kukaushia nywele ili niibandue nipige rangi upya. Gundi ilipoanza kulainika ikatoa ile harufu yake, ya mpira na sukari iliyoungua. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nikajikuta natazama getini kama kuna mtu anakuja.

Ngoja niwaambie kwa nini.

Baba yangu alikuwa fundi rangi, na karakana yake ilikuwa uani kwetu, Kijenge. Nilikuwa na miaka tisa. Mzee Balbir, Singasinga mwenye duka la vipuri, alituletea skuta ya kijani ya marehemu mkewe. Alitaka rangi ileile, iwe tayari Jumamosi, na nembo zisipate hata mkwaruzo, maana mkewe alikuwa akizisugua mwenyewe kila Jumapili. Mzee alikuwa mrefu, mwenye kilemba cha bluu na sauti ya kuamsha mtaa. Nilimwogopa hata akinisalimia.

Nembo ya kulia Baba aliitoa Jumatatu, mimi nikitazama. Aliacha skuta juani mpaka bodi ikapata moto na gundi ikaanza kunuka, akaingiza mkono nyuma ya bodi akapapasa weee, kisha akapitisha uzi wa kuvulia samaki chini ya nembo akawa anauvuta huku na huku kama mtu anayekata mche wa sabuni. Nembo ikamdondokea kiganjani, jua likazama kabla hajaigusa ile ya kushoto. Nikaona, ah, kumbe kazi yenyewe ndogo tu.

Kesho yake baridi ya Julai ikatua. Mlima ukajifunika, jua tukalisahau. Baba akakaa anasubiri.

"Baba Neema, unalalia kazi ya watu?" Mama akamuuliza.

"Jua kwanza. Plastiki ya zamani hii, ikiwa na baridi haishikiki."

Alhamisi Mzee Balbir akapita, akaiona nembo ya kushoto bado ipo. Safari hii hakupaza sauti. "Fundi, kama huwezi sema, nimpe mwingine."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Uani hapakuwa na kazi nyingine mwezi ule, na nilishawasikia wazazi wakinong'onezana jambo hilo jikoni. Basi Baba alipokwenda mjini kununua msasa, nikachukua bisibisi. Nilitaka arudi aikute imetoka, afurahi. Nikaichomeka chini ya nembo, nikakandamiza.

Kak!

Mama wee! Nusu nilikuwa nayo mkononi, nusu imebaki kwenye bodi. Kumbe nembo zile zilikuwa na vijino vinavyopita kwenye matundu na kubanwa kwa nyuma. Ndivyo alivyokuwa akipapasa Baba, avifungue, na mimi nilidhani anafuta vumbi tu.

Ile nusu nikaitumbukiza kwenye soksi. Kila pikipiki iliyolia barabarani nilijua ni Mzee Balbir, anakuja. Nilimwomba Mungu alete jua, halafu nikamwomba asilete, kwa sababu jua likitoka Baba ataishika ile skuta.

Baba aliporudi aliinama mbele ya skuta, akapitisha kidole pale ilipokatikia. Kisha akaangalia soksi yangu. Ilikuwa na damu.

"Neema, lete."

Hakunipiga, na jinsi nilivyoogopa, heri angenipiga. Akaniosha kidonda, akasema, "Vaa sweta. Tunakwenda kwa Mzee Balbir, ukaseme mwenyewe."

Dukani nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba. Nikasema shikamoo tena. Nadhani niliisema mara nne, maana neno jingine halikuja. Baba alikuwa nyuma yangu, ameniwekea mkono mgongoni, mzito, nami nikajua ameuweka nisikimbie.

"Nimeivunja mimi," nikasema.

Mzee Balbir akaichukua ile nusu, akaiweka juu ya kaunta, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ulitumia nini?"

"Bisibisi."

"Na baridi hii?" Akafumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Baba. "Fundi, ungeweza kuniambia imevunjika yenyewe."

"Ningeweza," Baba akasema.

Mzee akajifuta uso kwa kiganja. "Igundishe. Ufa ukionekana, uonekane. Na usubiri jua."

Miaka yote nimekuwa nikisimulia kwamba siku ile niliogopa peke yangu, na kwamba baba yangu alikuwa jiwe. Mpaka mwaka jana, binti yangu alipovunja kioo cha dirisha la jirani tusiyeelewana naye. Nikampeleka akaseme mwenyewe. Mlango ulipofunguliwa nikamwekea mkono mgongoni, na mguu wangu mmoja tayari ulikuwa umegeukia nyumbani. Mtoto alisimama imara, hakuwa na mpango wa kwenda popote. Ndipo nilipoelewa. Baba alinishika ili asikimbie yeye.