Ng'ombe wa Baba Mezani

Nina askari mia mbili na kumi na wanne, na sina mtu wa kupigana naye.

Wako kwenye kabati la vyombo, rafu tatu, wamejipanga kama wanafunzi kwenye gwaride. Ni watu wa plastiki, kila mmoja anakaribia urefu wa kidole gumba, wana ngao, mikuki na makoti marefu ya baridi. Nimewapaka rangi wote kwa mkono wangu, mpaka vifungo vya makoti. Wageni, ambao si wengi, huuliza kwa nini mwanamume wa miaka arobaini na moja, asiye na mke, mwenye sahani mbili, ana kabati kubwa hivyo. Mimi huwauliza kama chai yao imepoa.

Kazi yangu ni kuonja chai kiwandani, hapa Kericho. Vikombe vinapangwa kwa mstari, navuta kijiko kwa kelele, natema, naenda kwa kinachofuata. Mdomo unashinda na kazi kutwa nzima lakini si ya kuongea. Kitu ambacho kazi hii imenipa ni macho ya rangi. Chai nzito, iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, ukiipitisha kwa brashi juu ya koti jeupe inaingia kwenye mikunjo, na koti linaonekana limevaliwa na mtu. Hilo sikufundishwa. Mwaka wa kwanza nilijifanya mjanja zaidi, nikawabandika vumbi la chai miguuni liwe udongo wao. Huku mvua hunyesha karibu kila alasiri. Baada ya wiki tatu jeshi zima lilikuwa limeota ukungu, nikakaa Jumapili nzima nikiwasugua kwa mswaki, mmoja mmoja, nikijitukana.

Aliyenitia kwenye mambo haya ni fundi wa umeme wa kiwanda, mtu wa upande wa ziwani. Ndugu yake aliye ng'ambo alimtumia sanduku la kwanza la askari pamoja na kitabu cha sheria za mchezo wao wa vita. Tulicheza kila Jumamosi kwa miaka minne. Tulitengeneza vilima kwa trei za mayai zilizolowekwa, na mashamba ya chai kwa sponji ya kuoshea vyombo. Alikuwa akishinda anaimba, akishindwa anadai nimefua dadu kwa sabuni ya uchawi. Kisha kazi yake ikaisha, akarudi kwao, akaniachia jeshi lake lote la bluu. Alisema atakuja kulichukua. Tuliandikiana miezi michache, halafu tukawa watu wa kutakiana heri ya Krismasi.

Basi nikacheza peke yangu. Nasogeza wekundu, naweka rula chini, nazunguka meza, naketi kiti cha pili, nasogeza bluu. Nilijaribu kujifichia nia yangu mwenyewe, na haiwezekani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuna Jumamosi nilirusha dadu, nikapata sita tatu kwa mpigo, nikainua uso kumcheka mtu. Kiti kilikuwa na koti langu la mvua. Nilikuwa mpweke, na siku hiyo nilijua.

Ndipo baba yangu akaja kutoka Sigowet kutolewa mtoto wa jicho hospitalini. Ilibidi akae kwangu wiki mbili hadi daktari amwone tena. Baba ni mkulima wa chai, ng'ombe na mahindi, na mtu wa maneno machache. Sisi huongea Kipsigis. Ila akitaka kunitania hutumia Kiswahili cha manyapara, alichookota ujanani akichuma chai kwenye mashamba ya kampuni.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, nilitoka kazini nikamkuta amesimama mbele ya kabati lililo wazi, amemshika askari mmoja karibu na jicho lake jipya. Nilisubiri aniulize kuhusu mke. Aliniuliza kuhusu viatu.

"Viatu ni safi sana," alisema. "Hii watu imetembea wapi bila matope?"

Nilitandaza ubao, nikapanga vilima, nikamweleza kila kitu, na nikajisikia nikiongea haraka haraka kama mtoto aliyetoka shule. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Inapigania nini?"

"Kilima hiki, Baba. Atakayekishika ndiye mshindi."

"Kilima." Alikitazama kile kilima cha trei ya mayai. "Kilima inapelekwa nyumbani namna gani? Ng'ombe iko wapi?"

Nilimwambia hakuna ng'ombe. Alitoka nje bila kofia, na mvua ilikuwa imeanza. Alirudi na matunda tisa ya labotwet, yale madogo ya manjano yanayoota kando ya ua, yasiyoliwa na mtu. Wavulana wachungaji wa kwetu huyafanya ng'ombe wao wa kuchezea. Mimi pia niliyachezea, na nilikuwa nimesahau kabisa. Aliyafuta kwa shati, akayapanga nyuma ya kilima, akakaa kiti cha pili. Koti langu la mvua alilitundika mlangoni.

Tulicheza alasiri tisa. Sijui kama baba alifurahia vita, lakini ng'ombe aliwafurahia. Aliwapa majina, akawabadilishia malisho kwenye mashamba yangu ya sponji, na mara moja alikataa kusogea kwa sababu, alisema, ni saa ya kukamua. Askari wake wa bluu waliuawa ovyo kwa kukosa kamanda. Mimi nilikimbia kutoka kazini kila siku. Wenzangu walidhani nimepata mwanamke, na sikuwasahihisha.

Ila nina kasoro moja, nayo ni kupenda kuwa sahihi. Ndiyo inayonifaa kazini, na ndiyo iliyonifukuzia watu wawili watatu ambao wangeweza kuwa wake zangu.

Alasiri ya mwisho, nilikuwa nimekishika kilima. Nilibakiza kumaliza bluu wachache tu. Baba akawaacha askari wake wafe, akaweka viganja viwili nyuma ya yale matunda, akayasukuma kuelekea ukingo wake wa meza, ambao aliuita nyumbani, karibu futi mbili kwa zamu moja. Yalibakiza kama shubiri moja kufika ukingoni.

"Baba, hapana. Zamu moja ni inchi sita tu."

"Ng'ombe ikijua inaenda nyumbani, inakimbia," alisema. "Wewe umechunga. Unajua."

Nilijua. Ni kweli kabisa. Jioni ukiwaelekeza nyumbani huwezi hata kuwafuata. Lakini kitabu cha sheria kilikuwa kwenye goti langu, na kilima kilikuwa changu.

"Huu ni mchezo wenye sheria," nikasema, na sauti ikapanda. "Si kuchunga ng'ombe. Kama huwezi kufuata sheria, wacha tu."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Aliondoa mikono mezani, akaiweka mapajani, akatazama mvua dirishani. "Basi," alisema, kwa Kipsigis sasa. "Wewe cheza."

Asubuhi daktari alisema jicho limepona. Nilimsindikiza baba hadi kituo cha magari. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kumweleza jinsi ya kuweka dawa ya macho, ambayo alikuwa akijiwekea mwenyewe siku zote. Akanipa mkono kama mtu wa ofisini. Hasira hasara, tunafundishwa tukiwa wadogo, na hesabu yake tunaiona tukiwa wazee.

Hiyo ni miezi saba iliyopita. Nimewapaka wote matope kwenye viatu, mia mbili na kumi na wanne, kwa udongo mwekundu wa hapo nje na gundi. Ubao sijauondoa. Matunda yamekauka, yamekuwa ya kahawia, yamekunjamana, na mepesi kiasi kwamba nikifungua dirisha nayawekea kitabu cha sheria yasipeperuke. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu siku hizi. Nimemwalika baba mara tatu. Mara ya kwanza goti, mara ya pili ng'ombe amezaa, mara ya tatu alisema tu kwamba njia ni ndefu.

Lakini Jumapili baada ya kanisa hunipigia simu. Ananiuliza kama kumenyesha, kama nimekula. Halafu Kiswahili cha manyapara kinatoka.

"Ng'ombe yangu imefika nyumbani?"

Kila Jumamosi mimi huketi kwenye kiti chake na kuwasogeza wale ng'ombe, upana wa punje ya mahindi, si zaidi. Juzi niliona hata punje ni kubwa, nikatumia ya mchele. Mbele yao imebaki nafasi ya vidole viwili. Wakifika ukingoni yeye ndiye mshindi, nami nimeshakubali hilo toka zamani. Lakini wakifika, Jumapili hatakuwa na la kuuliza.

"Bado, Baba," namwambia. "Wako njiani."

"Wewe nayo unachunga polepole," anasema, na ananiaga.