Ua wa Mkia wa Bata Mzinga

Ilikuwa mwaka 1906. Hapana, nimekosea, ilikuwa 1908, maana daraja letu lilikuwa limeshasombwa na mto, na yule msomi alifika kwetu viatu mkononi.

Bi Parthenia Gaines alikuwa dobi, jirani yangu kule Georgia, Marekani. Kila asubuhi alifagia ua wake wa udongo kwa fagio la vijiti, kuanzia kizingitini kwenda nje, michirizi ikitawanyika kama mkia wa bata mzinga. Sote tulifagia nyua zetu, lakini mkia ule ulikuwa wake peke yake. Mama yake aliwafundisha yeye na dada yake Lovie, kabla Lovie hajauzwa mnadani enzi za utumwa. Hawakuonana tena.

Msomi aliitwa Ambrose Tinsley, mweusi kama sisi, katumwa na chuo cha watu weusi kuuliza tunavyoishi. Akakatiza katikati ya ua wa Bi Parthenia, akaukanyaga mkia.

"We mwanangu! Umesoma mpaka miguu imesahau adabu?"

"Nisamehe, Bibi Gaines," akasema, akavua kofia.

Wazungu waliopita kuuliza walimwita Parthenia tu, kama mtoto. Huyu alipewa kiti na viazi vitamu.

"Haya, mnauliza ili iweje?"

"Wazungu wameandika kwamba sisi hatujali ndugu. Wameandika wakiwa wamekaa ofisini. Profesa wetu anasema twende mlango kwa mlango, tuone kwanza."

Bi Parthenia akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni. "Hatujali ndugu! Nitakujibu yote, mwanangu. Ila na wewe, kila ua utakaoingia, tazama chini. Ukiona mkia kama huu, muulizie Lovie."

Tangu siku hiyo macho yake yalikuwa barabarani. Nikamtania, "Bibi, unamngoja mchumba?"

"Nyamaza, mchimba visima. Wewe hata shimo halikungoji."

Pamba ilipoanza kupasuka, Tinsley alirudi. Safari hii alipita pembeni mwa ua.

"Nimeuona, Bibi Gaines. Wilaya ya pili kutoka hapa, kwenye shamba la mzungu mmoja. Mkia wenyewe."

"Na Lovie?"

"Nyumba tupu. Waliokaa humo wamemkimbia mwenye shamba na madeni yake, alfajiri ya siku ile ile niliyofika. Majirani hawajui walikoelekea. Michirizi ilikuwa bado mibichi."

Hakulia. Alichukua fagio akaanza upya kizingitini, ingawa ua ulikuwa safi tayari.

Baadaye kitabu cha chuo kilitoka, mchungaji akatusomea. Kilisema umaskini wetu hautoki kwenye damu, unatoka kwenye sheria na mikataba ya mashamba. Na kwamba ndugu waliotenganishwa mnadani bado wanatafutana. Bi Parthenia akaomba pale pa ndugu pasomwe tena. Alifagia mkia ule mpaka alipokufa.

Mimi nimechimba visima hadi Alabama na ng'ambo yake, na kila ua nimetazama chini. Kila nilikolala nimeuliza swali lililomsumbua Bi Parthenia: mtu anayekimbia alfajiri, mzigo kichwani, anasimama kufagia ua ambao hataurudia, ili auone nani?