Bata Mzinga Aliyevaa Gambuti

Renae Haugstad wa mji wa Haldor, kule Minnesota, alikuwa mtu wa hasira, na simsingizii, maana yeye mwenyewe hakuwa akificha. Aliikasirikia theluji kwa kuanza mapema. Aliukasirikia mkanda wa mashine kiwandani kwa kwenda mbio kama unafukuzwa. Alimkasirikia mumewe Dale, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyerudi nyumbani mara moja moja na kuuliza chakula kiko wapi. Lakini mwaka ule binti yao wa pekee, Marit, alipoanza chekechea, hasira zote hizo zilipata pa kukutania, na mahali penyewe palikuwa ukurasa wa Krista Bergdahl.

Krista alikuwa na mtoto darasa moja na Marit, na alikuwa na ukurasa wa kwenye simu kwa ajili ya wazazi wa watoto wadogo. Kila asubuhi anaweka jambo: kazi ya mikono, kitafunwa cha kufunga shuleni, ushauri wa kumfanya mtoto apende kusoma. Nusu ya akina mama wa Haldor walimfuata. Na kila alichoandika hakikukosa neno "rahisi". Biskuti rahisi za umbo la bundi. Mapambo rahisi ya unga wa chumvi. Rahisi kwa nani? Rahisi kwa mtu anayeamka jua limetoka, akanywa kahawa yake akiwa amekaa, na jikoni kwake mna droo nzima ya riboni. Renae alisoma ukurasa ule akiwa amesimama kwenye foleni ya kuingia kazini, na kila siku aliapa kuacha, na kesho yake akaufungua tena.

Tena alijaribu, asikuambie mtu hakujaribu. Ule unga wa chumvi aliukanda, akamgandamizia Marit kiganja juu yake, akautia kwenye oveni kama alivyoelekezwa. Ukavimba, ukapasuka, ukaungua, na king'ora cha moshi kikalia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Siku nyingine akamfungia mtoto mabua ya figili yaliyopakwa siagi ya karanga, juu yake zabibu kavu zimepangwa kama sisimizi. Mwalimu Thorsen akampigia simu kiwandani kumweleza kwamba karanga haziruhusiwi darasani, kuna mtoto zinamdhuru. Krista hilo hakuliandika.

Lakini kilichomkaa rohoni zaidi lilikuwa lile boga. Mwezi wa Oktoba watoto waliambiwa walete boga lililopambwa, na Marit akapaka rangi lake mwenyewe, jicho moja kubwa, jicho la pili kalisahau. Siku ya kuyapanga mlangoni mwa darasa, Krista aliinama akalitazama, akainuka na tabasamu lake. "Jamani," alisema, "inaonekana kabisa kafanya mwenyewe." Hebu sikia hayo. Mtoto wa chekechea kapewa kazi ya mtoto, kaifanya mtoto, halafu anaonewa huruma! Mlangoni pale palijaa maboga yaliyochongwa na akina baba wenye mashine za kutoboa mbao, na hakuna aliyeona ajabu. Renae alitabasamu naye, akaendesha gari mpaka nyumbani akiwa amefura. Akajiambia kwamba kazi ijayo hakuna atakayemwonea mwanawe huruma tena.

Kazi ijayo ikawa bata mzinga. Kila Novemba Mwalimu Thorsen huwapa watoto karatasi ngumu yenye picha ya bata mzinga mtupu, na familia inatakiwa imfiche. Yaani wamvishe, wambadilishe, mpaka mtu akimwona asijue ni bata mzinga, ili apone asiliwe kwenye Sikukuu ya Shukrani. Wote hubandikwa ukutani, na jioni ya Jumanne kabla ya sikukuu wazazi wanakuja na pai za boga, kila mtoto anasimama kueleza ndege wake amejificha vipi.

Na huo ndio mji wa Haldor, ambao robo tatu ya watu wake wanakula kwa sababu ya kuchinja bata mzinga. Renae mwenyewe alisimama kwenye mkanda zamu ya asubuhi, akitoa matumbo, amevaa aproni nyeupe, wavu wa nywele, gambuti, na vizibo vya masikio vya manjano vilivyounganishwa kwa kamba. Novemba hakuna Jumamosi ya kupumzika. Ndege wanapita mbele yako mpaka ukifumba macho bado wanapita.

Aliyesimama ubavuni mwake alikuwa Eulalia, mama wa makamo mwenye mjukuu katika darasa lile lile, jina lake Nando. Wakati wa mapumziko Renae alimmwagia yote, boga na Krista na bata mzinga. Eulalia aliendelea kutafuna. Alisema Nando kambandika wake pamba mwili mzima, hakuna anayejua ni nini, na mwenyewe anacheka peke yake akimwangalia. "Mwache mtoto abandike anachotaka, shoga," alisema. "Wewe hukuliona lile boga," Renae akamjibu.

Jumamosi ile alirudi kutoka kazini akaanguka kwenye kochi na viatu vyake. Marit hakumwamsha. Alitafuta vitu vyake polepole, akakaa mezani na gundi yake, na mama mtu alipofumbua macho, bata mzinga alikuwa amekwisha kuvishwa.

Alikuwa amevaa aproni nyeupe iliyokatwa kwenye karatasi ya jikoni. Kichwani ana wavu uliotolewa kwenye mfuko wa vitunguu. Miguuni gambuti, zimepakwa rangi nyeusi mpaka karatasi imelowa. Pembeni mwa kichwa unaning'inia uzi wa manjano, huku na huku. Na mdomo, sijui niseme nini kuhusu ule mdomo, ulikuwa umepinda kwenda chini mpaka karibu na shingo.

Renae alijitambua papo hapo. Akilini aliuona ukuta wa shule, akawaona akina mama wamesimama na sahani zao za pai, akamwona Krista anainama. Huyu ni nani, Marit? Ni mama. Mama yako anafanya nini, mpenzi? Na ule mdomo, yaani ndivyo mtoto anavyomwona! Anaamka gizani, anasimama kutwa kwenye damu na maji, ili abandikwe ukutani amenuna. Hakuuliza hata neno moja. Alisema kazi nzuri, akamweka ndege juu ya friji.

Jumapili, Marit alipokwenda kanisani na bibi yake, Renae akalivalia njuga. Mwalimu alikuwa ametuma karatasi ya akiba kwa watakaoharibu ya kwanza. Akafungua ukurasa wa Krista, na hapo pakawa na mawazo rahisi ya kumficha bata mzinga, akachagua koni ya aiskrimu. Akakata kadi ya kahawia, akachora miraba yake, akapandisha pamba juu kwa gundi ya moto, akaunguza kidole, akatukana, akanyunyiza vimetameta vya rangi, juu kabisa akaweka kifungo chekundu kikawa tunda. Ulikuwa uzuri wa kweli, tusimnyime haki yake. Yule wa gambuti akamtia kwenye pipa, akamfunika na machicha ya kahawa.

Marit aliporudi alisimama mbele ya aiskrimu na koti lake mwilini. Mama akamwambia kwamba yule mwingine amechanika, kwa hiyo amemtengenezea huyu, tena huyu ni mzuri zaidi.

"Alichanika wapi?" Marit aliuliza.

"Mguuni."

Mtoto alitazama sakafuni, akavua koti, akaenda chumbani kwake. Hakulia. Renae alikasirika kwamba hata asante hakuambiwa, na kidole kinamwaka.

Jumanne jioni alikwenda shuleni moja kwa moja kutoka kazini, zamu imeongezwa, wavu wa nywele ameusokomeza kwenye mfuko wa koti. Bibi alikuwa ameshamleta Marit. Ukuta ulikuwa umejaa, na koni ya aiskrimu inameremeta katikati yao. Krista alimwahi mlangoni akamshika mkono, akamsifu, akasema amefurahi kuona ukurasa wake unasaidia hata akina mama wenye shughuli nyingi. Hata. Renae alilisikia hilo "hata", akaliweka moyoni. Lakini ukweli lazima usemwe, alijisikia vizuri. Mara hii hakuna aliyeinama.

Watoto wakaanza. Anders wa Krista alikuwa na bata mzinga wa kwenda mwezini, ana taa zinazowaka kweli. Akaulizwa taa za nini, akageuka kumtazama mama yake, na mama yake ndiye aliyejibu. Nando akasema wake ni babu, watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Kisha Mwalimu Thorsen akamwita Marit, akamwomba aeleze wake kajificha vipi.

Marit alisimama mbele ya ukuta. Alizungumza kwa sauti ile ile anayoombea maziwa.

"Huyu si wangu. Wangu alivaa kama mama. Mama anafanya kazi wanakochinja. Saa ya kutoka ikifika, wenye aproni na gambuti wanatoka kwa mlango, hawachinjwi. Mama anatoka kila siku. Wangu angetoka na yeye."

Mwalimu, mtu mwema, akamuuliza taratibu ndege yule yuko wapi.

"Mama alisema kachanika. Nilimwona kwenye pipa, nilipokwenda kutupa ganda la ndizi. Hakuchanika." Kisha akaigeukia koni, akaitazama juu mpaka chini. "Na huyu atakufa. Aiskrimu inaliwa."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na Krista alicheka huku ameweka mkono kifuani. Renae alisimama na pai yake ya kununua, masikio yanamwaka moto, na kwanza kabisa akamkasirikia mtoto. Mbele ya watu wote hawa! Halafu akaitazama ile koni. Mtoto ameambiwa amwokoe ndege, akakaa peke yake akafikiri, akawaza ni nani anayeingia pale kiwandani kila siku akatoka mzima. Na mama mtu kamchukua ndege yule yule akamgeuza chakula kingine. Aibu ilimpanda na hasira juu yake, na safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kumtupia, si Krista, si Dale, si theluji.

Aliweka pai chini, akapita katikati ya watu, akambandua ndege ukutani, akazing'oa pamba na kadi yake kwa mikono miwili, na kifungo chekundu kikadunda sakafuni. Akapiga magoti.

"Hakuchanika," alimwambia Marit. "Nilikudanganya. Nilimtupa mimi, na lori la taka limeshamchukua. Huyu ni mtupu sasa. Utamvisha wewe."

Marit alimtazama kwanza, kama anayepima. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa koti la mama yake bila kuomba, akautoa ule wavu wa nywele, akamvisha ndege. Ulikuwa mkubwa, ukamfunika mpaka kifuani. Karatasi za kufutia mikono zikawa aproni. Krista alisogea na mkasi wake mdogo mzuri, akasema ngoja amsaidie kuunyoosha huo wavu, kuna njia rahisi.

"Krista," Renae alisema bila kuinuka, "ukimgusa huyo ndege wa mwanangu, leo tutaonana wabaya."

Krista akarudi nyuma. Sitasema Renae alijuta, maana hakujuta, wala hadi leo hajajuta. Kutoka nyuma ya chumba akaja Eulalia, naye ana harufu ile ile ya kiwanda ambayo sabuni haiimalizi, akavitoa mfukoni vizibo vyake vya manjano na kamba yake, akavitundika kwenye kidole cha Marit bila kusema kitu. Baba mmoja wa zamu ya usiku, amesimama karibu na mlango, akaguna kwamba huyo sasa kweli anaweza kutoka.

Zikabaki gambuti na uso. Marit alipaka gambuti nyeusi, rangi ikavuka mstari ikaingia kwenye mabawa, na Renae aliikunja mikono yake kwapani ili isiende kurekebisha. Kisha mtoto akashika penseli akachora mdomo, umepinda chini, mrefu, vile vile kama wa kwanza.

Renae alikuwa ameazimia kutouliza, lakini lilimponyoka. "Mbona amenuna hivyo?"

"Wasimsimamishe mlangoni," Marit alisema, akikazia mstari. "Ukinuna wewe, mama, hakuna anayekuzuia."

Mama mtu aliinuka. Alimshikilia ndege ukutani kwa viganja viwili, bado amekunja uso, mpaka Marit akamaliza kubandika gundi kwenye pembe zote.